Miezi Minne ya Kuwa Mwana

Mimi ni fundi wa mashine za ngano huku Mau Narok, na wanaonijua watakwambia ninajisikia. Ni kweli. Kombaini ikigoma katikati ya shamba msimu wa kuvuna, wingu limetanda na mwenye shamba ameshika kichwa, anayeitwa ni mimi, na nikishaiwasha sijifanyi mnyenyekevu. Lakini liko jambo ninalojivunia kuliko kombaini zote nilizowahi kufufua, nalo halikunigharimu ujuzi wowote. Nilizaliwa nalo. Ni damu yangu.

Nililigundua nikiwa sekondari. Watu wa kuchangisha damu walikuja shuleni na vitanda vyao vya kukunja, na sisi tukapanga foleni kwa sababu ya soda na biskuti, tusidanganyane. Baadaye nikaletewa kadi iliyoonyesha kundi langu: O hasi, ile ambayo hospitalini wanaiita O negative. Mwalimu wetu wa biolojia akanisimamisha mbele ya darasa. Akaeleza kwamba damu ya namna ile yaweza kumfaa karibu mtu yeyote, ila mwenyewe nikipungukiwa sina pa kukopa isipokuwa kwa mwenzangu wa aina hiyo hiyo, nao ni watu wa kutafutwa na tochi. Darasa likanibandika jina, Super, kama petroli ya bei ghali. Nililipenda jina hilo hata nikasahau kuficha. Tangu wakati huo nimetoa damu kila nilipoweza, na kadi ile nimeitembeza mfukoni kama wengine wanavyotembeza picha za watoto wao.

Nilioa Subukia. Na hapa lazima nieleze kitu, maana si kila msomaji amekulia tulikokulia. Kwetu, na kwa watu wa mke wangu pia, mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Siingii jikoni kwake. Sili mbele yake, wala yeye mbele yangu. Hatushikani mikono. Nikiwa na neno la kumwambia, nalipitisha kwa mke wangu au kwa yeyote aliye karibu, na jibu linarudi kwa njia hiyo hiyo, hata kama kila mmoja amemsikia mwenzake vizuri kabisa. Si chuki. Ni heshima, na mtu akiikosea anaonekana hakulelewa. Nilikuwa nimekaa na binti yake miaka mingi, tuna watoto wanaokwenda shule, na mama yule nilimjua kwa sauti nyuma ya ukuta na kwa shuka lake begani akikata kona.

Alikuwa mjane, na alikuwa mtu wa kazi. Ng'ombe wake aliwakamua mwenyewe. Kahawa yake ilikuwa kwenye mteremko mkali, ule wa kuchuma ukiwa umekunja goti moja, na magoti hayo ndiyo yaliyoanza kumsumbua. Akawa ananunua tembe za maumivu dukani, anazimeza asubuhi na chai kavu kabla ya kutia kitu tumboni, kisha anateremka kahawani akiwa mzima. Hakuna aliyeona ubaya. Tembe za dukani kwetu ni kama chumvi, mtu haulizwi ametumia kiasi gani.

Kumbe tumbo lilikuwa linachubuka ndani kwa ndani na kuvuja damu polepole. Majirani waliona viganja vyake vinakuwa vyeupe wakasema amepungukiwa damu, na hapo walisema kweli. Basi wakaleta dawa wanazozijua. Wakaleta bitiruti. Wakaleta mboga za managu, na maini, na supu ya thabai, ule mmea unaowasha ambao kwetu mama aliyejifungua hawezi kuukwepa. Yote ni chakula kizuri, sikatai. Lakini yalikuwa maji yanayomiminwa kwenye pipa lililotoboka chini, na hakuna aliyeinama kuangalia chini. Siku moja akaanguka kati ya mistari ya kahawa. Mke wangu na kaka yake wakamchukua wakampeleka Nakuru, nami nikatoka Mau Narok na ovaroli yangu ya kazi nikawakuta hospitalini.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti tulivu. Alitueleza kwenye korido, nasi tukiwa tumemzunguka. Chembe nyekundu ndizo zinazobeba hewa kutoka mapafuni kuipeleka mwili mzima, akasema, na za mama zimebaki chache mno, kwa hiyo moyo unakimbia sana kuzungusha hicho kidogo kilichopo. Ukikimbia hivyo utachoka. Kabla hajaweza kulishughulikia tumbo vizuri ni lazima mama aongezewe damu.

Binti na kaka wakakunja mikono ya nguo. Wakapimwa. Wote wawili ni chanya, na mama yao ni hasi. Nilimwona mke wangu akiangalia ule mkono wake aliopakwa spiriti, kama umemwangusha. Mtu umezaliwa na mama huyu, umenyonya kwake, na siku anapohitaji damu yako unaambiwa haifai. Kaka yake alitoka nje akaenda kusimama uani.

"Shida ikiwa kubwa sana wakati mwingine tunalazimika," daktari akasema, "na mama wa umri huu angeweza kupewa chanya. Lakini huyu hawezi. Maabara wameona kitu kwenye damu yake. Ina kingamwili zinazoipiga damu chanya. Tukimpa, itavunjwa mle mle ndani." Akiba ya hasi ilikuwa imeisha. Walikuwa wamepiga simu hadi Nairobi, na ingefika baada ya siku mbili. Akasema wazi kwamba hana uhakika mama atazifikisha siku mbili.

Mke wangu akageuka akanitazama. Mimi kadi ilikuwa tayari mkononi. Nitasema nilivyohisi, na anayetaka kucheka acheke: nilihisi kwamba damu ile niliumbiwa kwa ajili ya korido ile.

Mke wangu akaingia wodini kumpa mama habari njema. Akatoka na uso mwingine.

"Amekataa."

"Amekataa nini?"

"Amekataa damu yako. Amesema hawezi kuvunja nyumba yangu ndio yeye apone."

Sikuelewa, mpaka shangazi alipofungua kinywa. Shangazi ni dada ya baba mkwe wangu marehemu, na mambo ya desturi katika ukoo ule yanaishia kwake. Alikuwa amekaa kwenye benchi na mkoba wake magotini tangu asubuhi. Watu wote walijua kwamba kwake yeye mama mkwe wangu alikuwa na damu ya kunguni tangu siku alipoolewa. Hakuna alichofanya kikampendeza.

"Amekataa vizuri," shangazi akasema. "Damu ya huyu ikiingia kwa huyo mama, huyu si mkwe tena. Huyu ni mtoto wake. Sasa nyinyi niambieni, huyu msichana ameolewa na nani? Ameolewa na brother yake?"

"Shangazi," nikasema, "hii ni damu. Si cheti cha kuzaliwa."

"Wewe nyamaza, kijana. Sijaongea na wewe."

Nilipandwa na hasira hadi masikio yakawaka. Mtu anakufa nyuma ya mlango, dawa ninayo mimi kwenye mishipa, na tunahesabu ukoo. Nilitaka kusema maneno ambayo yangenifukuzisha Subukia maisha yangu yote. Mke wangu akanikanyaga mguu, nami nikayameza.

Daktari aliturudia na swali. Alitaka kujua mama alizaa mara ngapi. Mke wangu akasema ni wao wawili tu, yeye na kaka yake. Daktari akauliza kwa upole kama hakukuwa na wengine baadaye. Mke wangu akasema hajui. Ni shangazi aliyejibu, akiangalia mkoba wake.

"Walikuwa watatu, baada ya hawa. Walikuja wakiwa manjano, wamevimba. Hakuna aliyemaliza wiki."

Mke wangu alishika ukuta. Hakuwa amewahi kuambiwa. Katika boma lile jambo hilo lilifunikwa, na nadhani najua aliyekaa juu ya kifuniko.

Daktari akasema ndivyo alivyofikiri, akakaa kwenye benchi karibu na shangazi, akamweleza yeye hasa. Baba wa watoto alikuwa chanya, na watoto wakamfuata. Wakati wa kujifungua, matone ya damu ya mtoto huingia kwa mama. Mwili wa mama hasi unayaona matone yale kuwa ni adui aliyevamia, nazo seli nyeupe zinatengeneza silaha za kumpiga, na zikishajifunza hazisahau. Watoto wa kwanza wanapona kwa sababu silaha bado hazijawa tayari. Wanaofuata wanakutwa nazo tumboni. Siku hizi mama wa namna hiyo hudungwa sindano akijifungua, na watoto wanaofuata wanaishi. Wakati ule, kule mteremkoni, nani angejua? Ndizo silaha hizo hizo ambazo maabara walikuwa wameziona asubuhi ile, miaka yote hiyo baadaye.

"Kwa hivyo haikuwa makosa yake," shangazi akasema.

"Hapana, mama. Wala ya mzee. Ni damu zao hazikupatana."

Shangazi alifungua kitambaa chake cha kichwa, akakishika, akakifunga upya. Alichukua muda mrefu kukifunga. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba miaka ile ndiye aliyekuwa akimwandama kaka yake amfukuze mke mwenye mikosi na aoe mwingine, na kaka yake akakataa katakata. Mzee yule sikumkuta hai, lakini siku nilipolisikia hilo nilijivuna kuoa katika nyumba yake.

Kisha shangazi akauliza, "Hiyo damu ya huyu kijana ikiingia, inakaa huko ndani milele?"

"La. Chembe nyekundu zinaishi kama miezi minne, halafu zinakufa. Uboho wa mifupa unatengeneza zingine. Zake mwenyewe."

"Hiyo miezi minne ikiisha, ya kijana haiko?"

"Haiko."

Shangazi akasimama, akaning'iniza mkoba mkononi, akaingia wodini bila kubisha. Mlango ulibaki wazi kidogo na sisi sote tukasikia.

"Sikiliza," alimwambia mama mkwe wangu. "Hiyo damu utawekewa. Miezi minne huyu kijana ni mtoto wako, na huyu msichana atakuja kukaa kwako, kila mtu alale kwake. Miezi ikiisha, damu yake itakuwa imekufa, arudi kuwa mkwe na arudi kwa bibi yake. Mimi ndiye nimesema. Na nikisema mimi hakuna mtu wa kuongeza." Halafu akasema neno jingine kwa sauti ya chini ambalo hatukulipata, wala sikuwahi kuuliza ni lipi.

Kisha ikaja sauti ninayoijua, ile ya nyuma ya ukuta, ila sasa nyembamba sana.

"Kama ni mtoto wangu, mbona amesimama huko nje? Aingie nimwone."

Nikaingia. Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nilipomwoa binti yake, akanikagua polepole kama anayenunua ndama.

"Kumbe una masikio makubwa hivi," akasema.

Walinitoa damu wakaipima haraka kwa kila kinachopaswa kupimwa, na jioni ile ile mfuko ukatundikwa juu ya kitanda chake. Nilikaa nikiangalia tone kwa tone. Nimejaza mafuta kwenye mashine nyingi maishani na sijawahi kuona kitu kikiingia taratibu namna ile na kufanya kazi kubwa namna ile. Kesho yake mdomo wake ulikuwa na rangi, akaanza kulalamika kuhusu uji wa hospitali. Muuguzi akasema mgonjwa akianza kulalamika ujue amepona nusu. Siku ya pili ikafika painti nyingine kutoka Nairobi, na shangazi akataka kujua mwenye damu hiyo ni nani, ili naye aje asalimie nyumbani. Daktari alipomwambia kwamba jina halitolewi, mama mkwe alitangaza wodi nzima kwamba ana mwana mwingine mahali fulani ambaye hana adabu ya kupiga simu. Tumbo likatibiwa, akapewa dawa za vidonda na za kumwongezea madini ya chuma, na tembe za dukani zikapigwa marufuku.

Ikaanza miezi minne yangu. Kila mwisho wa wiki nilishuka kutoka Mau Narok hadi Subukia na kuingia jikoni mle, jiko ambalo chai yake nilikuwa nimeinywa miaka nenda miaka rudi bila kujua inatoka kwenye sufuria gani. Nilikuwa na bidii ya mtoto mgeni. Nilimtengenezea mashine ya kukatia ng'ombe majani ya napia, nikamjengea hori, nikambebea maziwa. Alinigombeza. Alisema ninabugia chakula kama mtu anayekimbizwa, ninaacha mlango wazi, ninaongea juu ya kombaini hadi ng'ombe wanakosa kuteremsha maziwa. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa darasa la nne. Sikuwa nimegombezwa hivyo kwa muda mrefu sana, na nilikuwa nakosea makusudi.

Mke wangu, aliyekuwa akilala chumba cha ndani na watoto wetu, alinipokea langoni kila Jumamosi kwa kucheka. "Niaje, brathe," ananiambia, na kunipa mkono kama tuko mkutanoni. Ilikuwa mzaha na ilikuwa mateso. Shangazi naye alikuwa akipita bila kutoa taarifa, kuangalia kama sheria yake inafuatwa.

Jumamosi moja mama aliniita nyuma ya zizi, mahali ambapo nyasi huwa hazikatwi. Hapakuwa na chochote cha kuona ila ukuta wa miti na maua madogo ya porini. Alisimama hapo akiwa ameshika kiuno.

"Hawa ni wadogo zako," akasema.

Nilivua kofia. Akaniambia mmoja alikuwa wa kike, na alikuwa na nywele nyingi. Akaniambia kwamba miaka yote alidhani ni kitu alichokula, au alichokanyaga, au alichowaza.

"Ilikuwa damu, mama."

"Najua. Daktari amenieleza. Waliowapiga walikuwa askari wangu." Akafuta macho kwa upande wa shuka. "Wakali kweli. Kama wangeniuliza kwanza."

Tulikaa hapo mpaka ng'ombe wakaanza kuita. Nimeandika juu ya kujivuna, na huenda mtu akafikiri ninajivunia ile painti moja. Painti yenyewe ilikuwa kazi ya dakika chache na soda. Ninajivunia kwamba mama huyu alikuwa na neno lililomkaa kooni miaka zaidi ya umri wangu wa ndoa, na alipoamua kulitoa alinichagua mimi.

Miezi ikaisha. Tulimpeleka Nakuru akapimwa, na daktari akasema damu imejaa na sasa yote ni yake, uboho wake umeitengeneza. Shangazi alisikiliza akitikisa kichwa kama hakimu. Tulipofika Subukia akaamuru mwana ale chakula cha mwisho jikoni. Mama alinipakulia mara mbili, na nilipomaliza akachukua sahani yangu akaiosha mwenyewe, akaifunika. Nilitoka nikiwa na furaha ya kurudishiwa mke na huzuni ya kuacha kuwa mwana, na sikujua ipi kubwa.

Asubuhi tukafungasha. Nilikuwa napeleka mizigo garini nilipomkuta mama mkwe wangu kando ya zizi, peke yake na ng'ombe mmoja. Mara moja akanipa mgongo, akavuta shuka hadi kichwani, kama ipasavyo. Mke wangu na watoto walikuwa bado ndani. Hapakuwa na mtu wa kupitishia neno. Nikasimama nilipokuwa, nikaangalia chini.

Akaweka mkono kwenye shingo ya ng'ombe.

"Wewe," akamwambia ng'ombe, kwa sauti ya kutosha. "Nimesikia mume wa binti yangu anaenda kutoa ingine Jumatatu. Mwambie ale nyama kwanza. Na mwambie hiyo damu, popote itaenda, kwa mtu yeyote itaingia, isisahau iko na mama Subukia."

Ng'ombe aliendelea kutafuna.

"Mwambie," nikamwambia ng'ombe, "kwamba mwanawe amesikia."